Sura ya 7: Seli Inayokataa Kufa

Bwana mifugo akiitwa Tengeru au Ngaramtoni kumwona ndama aliyeacha kunyonya, hupima joto, kisha hupapasa chini ya sikio. Akikuta mtoki umevimba, joto limepita nyuzi 40 na kupe wa kahawia wamejibanza ndani ya sikio, huwa ameshajua: ndigana kali. Asipotibiwa, ndama ataanza kuhema kwa shida, povu litamtoka puani, na katika wiki chache atakufa mapafu yamejaa maji.

Uvimbe ule hauna usaha. Umejaa limfosaiti, seli nyeupe za damu zilizopaswa kumlinda, zinazozaliana bila kikomo kwa sababu zimenyimwa kifo.

Kifo hicho ni sehemu ya uzima. Seli zetu hubeba vimeng'enya vya kujiua, kaspesi, vikiwa vimezimwa. Amri ikitoka vinaamka: protini zinakatwakatwa, DNA inavunjika vipande, seli inasinyaa na kugawanyika vifuko vidogo, kisha seli nyingine zinavimeza kabla sumu haijamwagika. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliueleza utaratibu huu mwaka 1972 na kuuita apoptosisi.

Kinga ya mwili huutegemea kila siku. Katika tezi ya thaimasi, kifuani, limfosaiti changa hupimwa, na nyingi mno hufia humo, zikiwamo zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe. Seli iliyovamiwa na kirusi huamriwa kufa pamoja na mgeni wake. Na maradhi yakishindwa, sehemu kubwa ya limfosaiti zilizozaliwa kwa ajili ya vita hujiua, zikibaki chache za kumbukumbu. Ndiyo maana mtoki uliovimba hunywea.

Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, huharibu hatua hiyo. Kupe akishanyonya siku kadhaa hukitema pamoja na mate yake. Kinaingia ndani ya limfosaiti, kinavua utando uliokizunguka, kisha kinazikusanya juu ya mwili wake protini za seli zinazowasha amri ya kuishi na kugawanyika, kama watafiti walivyoonyesha mwaka 2002. Kwa kawaida amri hiyo huwaka kwa muda na kuzimwa; kimelea hakiachi izimwe. Seli inapogawanyika, chenyewe hujishikiza kwenye nyuzi zinazovuta kromosomu na kugawanywa nazo, hivyo kila seli mpya inazaliwa na mpangaji wake.

Hii ni tabia ya saratani, ila saratani hii hurudi nyuma. Ndama akidungwa buparvakwoni mapema, kimelea hufa, amri inazimika, na seli iliyokuwa ikikataa kufa inajiua kama ilivyopaswa.

Nyati wa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye miteremko ya Meru, hubeba kimelea hiki kwa kawaida bila kuugua. Ng'ombe wa kisasa wa vijiji vya jirani huangamia, na josho peke yake halitoshi pale kuogesha kunapokatizwa. Chanjo iliyotengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970 ni ya ujasiri: vimelea hai, vilivyogandishwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, hudungwa siku moja na oksitetrasaiklini ya kudumu. Dawa hupunguza kasi ya kimelea, na mwili unapata muda wa kuandaa limfosaiti zinazoua. Hizi hugusana na seli iliyotekwa, huitoboa na kuingiza vimeng'enya vinavyoilazimisha kufa. Amri iliyozibwa ndani sasa inaletwa kutoka nje.

Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea chanjo hii kwa fedha zao wenyewe. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni, na mnadani hereni hiyo humwongezea bei. Mnunuzi analipia limfosaiti zinazojua kuua limfosaiti wenzao.