Kamera kuukuu za filamu: Faida ni ya fundi, si ya mchuuzi

Kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, Agosti ya mwaka wa shufwa ni msimu wa tohara, na enzi za filamu ulikuwa pia msimu wa mavuno kwa wapiga picha. Mwenye Yashica au Zenit alizunguka boma kwa boma, akapeleka filamu kusafishwa mjini, kisha akarudi na picha kudai pesa zake. Simu ya mkononi iliifunga biashara hiyo. Kamera zilitiwa kabatini na kusahaulika.

Huko nje zimeanza kutafutwa upya. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2012, na wengi wakadhani filamu imezikwa. Mwaka 2024 Ricoh ya Japani ikatoa Pentax 17, kamera mpya kabisa ya filamu. Pentax K1000, iliyoundwa kuanzia 1976 hadi 1997, ingali kipenzi cha wanaojifunza kazi hii, kwani mitambo yake ni ya chuma na springi, na betri inahitajika kwa kipimo cha mwanga tu.

Mchuuzi anayekimbilia kukusanya kamera kutoka Kimilili, Chwele na Kitale ili aziuze zilivyo anakosea hesabu. Kamera iliyolala miaka 20 ina maradhi. Fungua mgongo wake: sponji nyeusi inayozuia mwanga imegeuka lami inayonata vidoleni. Fundi huikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, tena polepole, maana kipande kikidondokea pazia la shata kazi imeongezeka. Sponji mpya si lazima itoke Japani. Kwenye mifereji ya mlango, uzi mweusi wa sufu kutoka duka la vifaa vya ushonaji unatosha.

Adui mkubwa zaidi ni kuvu. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mvua zake ni ndefu, na unyevu huingia kwenye lenzi bila kubisha hodi. Mulika tochi kutoka nyuma: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, punguza bei au uache. Kuvu changa hufutika, lakini iliyokwisha kula rangi ya kioo huacha kovu la kudumu. Ajabu ni kwamba kasha la ngozi, linalopandisha bei ya kamera, ndilo linalotunza unyevu huo. Liuze pamoja na kamera, ila usiihifadhi ndani yake.

Betri nayo ina visa vyake. Yashica Mat-124G hutumia betri ya zebaki ya volti 1.35, na Marekani ilipiga marufuku betri za aina hiyo mwaka 1996. Mafundi hutia betri ya kifaa cha kusikia, namba 675, pamoja na kipete cha mpira ili itulie mahali pake. Inakaribia volti zile zile, ingawa hufa baada ya miezi michache. Zenit E haina shida hiyo. Kipimo chake huendeshwa na mwanga wenyewe.

Vifaa vingine havihitaji kutafutwa mbali. Kichujio cha milimita 49 kinachouzwa kwa lenzi za kisasa huingia kwenye lenzi nyingi za Pentax. Flashi za zamani, hata hivyo, ziogopwe: baadhi hutoa zaidi ya volti 200 kwenye kiunganishi, kiasi cha kuua kamera ya dijitali ya mwenye studio asiyejua.

Kinachobana biashara hii ni usafiri na kodi. Kipuri kidogo kikiagizwa peke yake kutoka ng'ambo, nauli yake inaweza kuzidi bei, kisha kuna VAT ya asilimia 16. Afadhali mafundi wa miji hii waagize kwa pamoja. Kwa fundi wa saa au redio ambaye tayari ana meza, bisibisi ndogo na macho makali, hii ni kazi ya ziada inayoweza kulipa. Kukodi duka kwa ajili yake pekee, bado ni mapema.