Antibayotiki Hupiga Wapi

Mteja anayerudi duka la dawa muhimu mara ya pili ndani ya wiki moja huja na ombi lile lile: apewe kitu kikali zaidi. Amoksisilini aliyoanza Jumatatu haijamsaidia, sasa anataka azithromaisini, au siprofloksasini, na hela ikitosha, sindano kabisa. Muuzaji naye hataki kumpoteza mteja, anashusha boksi lililo shelfu ya juu. Wote wawili wanaamini kwamba antibayotiki zimepangwa kwa nguvu, nyonge chini na kali juu.

Mpangilio wa aina hiyo haupo. Kinachotenganisha kundi moja la antibayotiki na jingine ni sehemu ya bakteria linayoishambulia, na hapo ndipo panapoamuliwa iwapo dawa itaponya nimonia, kaswende au kipindupindu.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, hulenga ukuta wa bakteria. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta mgumu ambao hulazimika kuujenga upya kila wanapokua na kugawanyika. Penisilini hukaba vimeng'enya vinavyounga ukuta huo, bakteria akapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta, ndiyo maana mgonjwa anaweza kupewa dozi kubwa bila madhara makubwa, ilimradi asiwe na mzio wa dawa hiyo. Katika ukoo huu yumo amoksisilini, chaguo la kwanza la Shirika la Afya Duniani kwa mtoto anayetibiwa nimonia nyumbani. Yumo pia seftriaksoni, sindano ya homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria. Asili ya ndugu zake seftriaksoni ni ukungu ambao Giuseppe Brotzu aliukuta mwaka 1945 karibu na mahali maji taka ya mji wa Cagliari, kisiwani Sardinia, yalipomwagikia baharini.

Sasa mchukue bakteria aitwaye Mycoplasma, mmoja wa wanaoleta nimonia kwa vijana. Huyu hana ukuta. Mgonjwa wake anaweza kumaliza amoksisilini, akadungwa seftriaksoni wiki nzima kwa gharama isiyo ndogo, na bakteria asihisi chochote. Doksisaiklini, kidonge cha bei ya chini kisichotisha mtu, humwangusha kwa sababu yenyewe haina habari na ukuta. Inaingia ndani na kuzuia utengenezaji wa protini.

Hakuna mahali ambapo imani ya dawa kali inaumbuka kama kwenye kaswende na kisonono. Magonjwa yote mawili hupatikana kwa njia moja, na wagonjwa wake huketi kwenye benchi moja la kliniki, lakini bakteria wake wana tabia tofauti kabisa. Yule wa kaswende hugawanyika polepole, takriban mara moja kwa saa 30, kwa hiyo anahitaji dawa inayokaa mwilini kwa muda mrefu. Benzathini penisilini hufanya hivyo: hudungwa ndani kabisa ya msuli wa kalio, ikabaki hapo ikijiachia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Sindano hiyo inauma, na waliochomwa hawasahau. Kwa kaswende changa, dozi moja ya yuniti milioni 2.4 inatosha. Miongo minane tangu penisilini ianze kutumika dhidi yake, bakteria huyu bado hajajifunza kuikwepa, na kwa mjamzito hakuna dawa nyingine inayoaminika kumkinga mtoto aliye tumboni.

Azithromaisini ilijaribiwa kuchukua nafasi hiyo, tena mkoani Mbeya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa gramu 2 za kumeza ziliponya kaswende sawasawa na sindano. Ilikuwa habari njema kwa zahanati zisizo na mtu wa kuchoma sindano. Lakini katika miji ya Marekani na Ulaya walikuwa wamekwisha kuonekana bakteria wa kaswende ambao badiliko moja dogo la vinasaba limewafanya wasidhurike na azithromaisini. Dawa kongwe ikabaki kwenye kiti chake.

Kisonono kimekwenda njia nyingine. Bakteria wake ni mwizi wa vinasaba: huokota vipande vya DNA kutoka kwa jamaa zake, hata wale wanaoishi kooni bila kuleta ugonjwa, na kujipatia kinga ambayo hakuitafuta mwenyewe. Dawa za salfa zilimshinda miaka ya 1930, akazizoea. Penisilini ikafuata, akaizoea. Siprofloksasini nayo imeshindwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Leo tegemeo ni seftriaksoni. Mwanamume anayenunua siprofloksasini kimyakimya kwa ajili ya usaha unaomtoka, akaona umepungua kidogo, anaweza kuwa amebaki na bakteria wale wale na kumpelekea mwenzake.

Makundi yanayozuia protini ni mengi. Azithromaisini ndiyo inayogawiwa vijiji vizima dhidi ya trakoma, ugonjwa wa vikope unaopofusha, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea dawa hiyo kwa msaada mwishoni mwa miaka ya 1990. Doksisaiklini inatibu kipindupindu sambamba na maji ya chumvichumvi, na ikinywewa na chai ya maziwa, kalsiamu hudaka sehemu yake tumboni kabla haijafika kwenye damu. Jentamaisini huwaokoa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, ila ikizidishwa huumiza figo na masikio.

Siprofloksasini hupiga kimeng'enya kinachokunjua DNA. Babu yake, asidi ya nalidiksiki, alizaliwa mwaka 1962 kutokana na mabaki ya utengenezaji wa klorokwini, dawa iliyokuwa ikimezwa kwa kila malaria nchini Tanzania. Septrin huwanyima bakteria folati wanayojitengenezea, ilhali sisi tunaipata kwenye mboga. Metronidazo, ambayo wengi huiita Flagyl, huamka pale tu pasipo na oksijeni. Inafaa kwa jipu la tumboni na kwa amiba, na haina kazi kwenye nimonia ya kawaida.

Kuna kizuizi kingine kabla ya dawa kufika inakolenga. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alipaka bakteria rangi na kuona wengine wakibaki zambarau, wengine wakiipoteza. Wanaoipoteza, kama E. coli aletaye UTI nyingi, wana utando wa ziada juu ya ukuta, mithili ya koti la mvua. Vankomaisini, inayoogopwa kama dawa ya mwisho hospitalini, ni molekuli kubwa mno isiyoweza kupenya koti hilo. Kwa UTI ya E. coli, ni maji matupu. Ndiyo maana daktari makini huagiza mkojo uoteshwe maabara, hata kama majibu yatachukua siku mbili tatu.

Na mara nyingi yule mteja wa amoksisilini ana mafua tu, ambayo ni kazi ya virusi. Virusi hawana ukuta wala mtambo wao wa protini, hivyo antibayotiki yoyote itamwachia kuhara tu.

Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibayotiki mafungu matatu: za matumizi ya kawaida, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini, doksisaiklini, jentamaisini, Septrin na benzathini penisilini zimo fungu la kwanza, na mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 fungu hilo lifikie angalau asilimia 70 ya antibayotiki zote zinazotumika kwa binadamu duniani. Azithromaisini, siprofloksasini na seftriaksoni, yaani zile zile zinazoombwa dukani bila cheti cha daktari, zimo kwenye fungu la kuangaliwa.