Mkutano Mkuu Sio wa Kusinzia



Mara nyingi viongozi wa vyama vya ushirika huja katika ofisi yetu ya maendeleo hapa parokiani wakiwa na ombi moja: "Tusaidieni kuendesha mkutano mkuu, watu wetu hawasikilizi." Wengine huomba tuwatafutie mchekeshaji, wengine kwaya, wengine huuliza kama spika kubwa zaidi zitasaidia. Katika toleo hili tungependa kueleza yale ambayo tumejifunza juu ya jambo hili. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa maana ndilo lililotufungua macho.

TULIPOSHIKA KIPAZA SAUTI

Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilituomba tuongoze shughuli za mkutano wake mkuu wa mwaka. Tulikubali kwa furaha. Hema zilikodiwa, viti vikapangwa katika uwanja wa shule, sufuria zikawekwa motoni nyuma ya madarasa. Kadi ilisema saa tatu asubuhi. Mgeni wa heshima alifika saa sita na nusu. Tulipokuwa tukimngoja tuliimba, tukacheza, tukapiga makofi ya kilo, watu wakacheka mpaka machozi. Tulijisifu kwamba tumewaweka macho.

Kisha zikaja salamu. Kila aliyeitwa alisimama kusalimia, na kila aliyesalimia aliwatambua wengine ambao nao walitaka kusalimia. Kufika saa nane, mkaguzi wa hesabu akasimama na kitabu chake, akaanza kusoma kwa Kiingereza, ukurasa baada ya ukurasa. Jua lilikuwa kali na harufu ya pilau ilikuwa imefika hemani. Wazee walisinzia, vijana waliinamia simu, akina mama wakaanza kuulizana nani atawahi kukamua jioni. Sisi, tulipoona mambo yamelala, tulimnong'oneza mkaguzi afupishe. Akaruka kurasa. Tukauliza kwa sauti ya uchangamfu, "Mnakubali?" Mikono ikapanda. Tukauliza juu ya jambo lililofuata, mikono ikapanda tena. Chakula kikaliwa, na watu wakatuambia siku ilipendeza.

Baada ya miezi michache mama mmoja mjane alikuja ofisini na karatasi yake ya malipo ya maziwa. Alikuwa amekatwa shilingi 3 kwa kila lita, na alitaka kujua ni nani aliyekubali akatwe. Tulienda naye kwa katibu wa chama, kitabu cha kumbukumbu kikafunguliwa. Lile jambo la pili tulilouliza siku ile lilikuwa ni kuongeza kikomo cha mkopo ili chama kinunue tangi la kupozea maziwa. Na aliyeandikwa kwamba aliunga mkono, kwa jina, alikuwa yeye mwenyewe. Alilitazama jina lake kwa muda, halafu akasema, "Mimi nilidhani mnauliza kama tule."

Hakuna aliyeiba hapo, na tangi lenyewe halikuwa jambo baya. Lakini mama yule alikuwa ameingia katika deni bila kujua, na waliomwingiza ni sisi tuliokuwa tukimchekesha.

SHERIA INAMPA MWANACHAMA KAZI

Watu wengi hufikiri mkutano mkuu ni sherehe ya chama. Ni kweli kuna hema na soda, lakini kisheria ni siku ya kazi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 inasema mkutano huo ufanywe ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa hesabu kwisha, na wanachama wapewe notisi ya maandishi siku 15 mbele. Chama kinachofunga hesabu zake Desemba kinapaswa kiwe kimekutana kabla ya Aprili kwisha.

Siku hiyo wanachama ndio wanaothibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita, wanaopokea hesabu, wanaoamua faida igawanywe vipi, wanaochagua viongozi na mkaguzi, na wanaoweka kikomo cha chama kukopa. Na kila mmoja ana kura moja tu, awe na hisa 10 au 1,000. Mjane mwenye ng'ombe mmoja ana kura sawa na mwenye ng'ombe 20.

Sasa angalia: kura hiyo ina maana gani ikiwa mwenyewe amelala? Ndiyo maana tunasema, kuwashika wanachama wasikilize si mambo ya burudani tu. Ni mambo ya haki.

KWA NINI WATU HUSINZIA?

Tusiwalaumu haraka. Tumeona sababu tatu.

Kwanza ni mwili. Mfugaji ameamka saa kumi usiku kukamua. Ukimwekea jambo zito saa nane mchana, akiwa na njaa, hata kama ni mwenye akili sana, mwili utamshinda.

Pili ni lugha. Hesabu zinasomwa kwa Kiingereza cha wahasibu, na tarakimu ndefu zinapita sikioni kama maji. Mtu asiyeelewa kwa dakika tano za kwanza hawezi kuelewa ya dakika ya 40.

Tatu ni kukosa nafasi. Mtu aliyeitwa akae tu, asikilize, ainue mkono anapoambiwa, hana sababu ya kuwa macho. Mwalimu Paulo Freire wa Brazili aliwakosoa wale wanaomfanya msikilizaji kama chombo kitupu cha kujazwa. Mawazo yake ndiyo yaliyotumiwa katika mafunzo ya DELTA, yaliyoanzishwa hapa Kenya mwaka 1974 na Anne Hope na Sally Timmel. Wenzetu waliopitia mafunzo hayo wanakumbuka fundisho moja kubwa: watu huamka pale jambo linapogusa maisha yao, na pale wanapoulizwa wao wanaonaje.

Kwa hivyo wimbo na vichekesho huamsha mwili, lakini haviwezi kuondoa sababu ya pili na ya tatu. Sisi tulitibu moja tukaacha mbili.

MAMBO YA KUFANYA

Chama kile kilitupa nafasi tena mwaka uliofuata. Haya ndiyo tuliyoyafanya, na tangu hapo tumeyatumia katika vyama vingine.

1. Anza kabla ya siku yenyewe. Pamoja na notisi ya siku 15, tuliomba kamati itoe karatasi moja ya Kiswahili chepesi: pesa ngapi ziliingia, ngapi zilitoka na kwa nini, tunadai nani, tunadaiwa na nani, na mtaulizwa mkubali nini. Karatasi ilisomwa katika kila kituo cha kukusanyia maziwa, asubuhi watu wakileta mitungi. Siku ya mkutano watu walifika wakiwa na maswali tayari.

2. Jambo zito liwe la kwanza. Sala fupi, kumbukumbu, kisha hesabu, watu wakiwa bado wabichi. Chai na mandazi zitolewe mapema, si baada ya kila kitu. Mgeni wa heshima aandikiwe saa yake ya kufika, baada ya kura. Akichelewa, mkutano haumngojei. Wageni watambuliwe mara moja, na mtu mmoja, kwa majina. Salamu za mmoja mmoja zitakula saa nzima.

3. Hesabu ionekane kwa macho. Tulimwomba mweka hazina alete jagi la lita moja la maziwa na vikombe. Mbele ya watu akamimina: hiki ni cha usafiri, hiki ni cha mishahara, hiki ni cha mkopo wa tangi, na kilichobaki ni chako wewe mkulima. Alimimina kwa kadiri ya hesabu halisi zilizokaguliwa, si kwa kukisia. Hakuna aliyesinzia. Mzee mmoja alisimama kabisa kwenye kiti aone kikombe cha mishahara. Chama cha akiba na mikopo kinaweza kutumia maharagwe 100 kuwa shilingi 100.

4. Wape watu nafasi ya kusemezana. Baada ya kila jambo kubwa, acha wanachama wageukiane watatu watatu na jirani zao kwa dakika tano: tumeelewa nini, na tunataka kuuliza nini? Kila safu itoe swali moja. Yule mama asiyeweza kusimama mbele ya watu 300 anaweza kumwambia jirani yake, na swali lake litafika. Bila hivyo utawasikia walewale wanne kila mwaka.

5. Kipaza sauti kiwafuate watu. Kisibaki mezani kwa wakubwa. Vijana wawili wenye miguu myepesi wakizungusha kipaza sauti, mkutano unakuwa wa wanaoketi. Kila mwenye kuuliza apewe dakika mbili, na kiongozi naye akijibu apewe muda. Mwenye kuongoza shughuli lazima awe na moyo wa kumkatiza mkubwa kwa heshima: "Asante sana mwenyekiti, tumekusikia, sasa tuwasikie wanachama."

6. Mzaha uwe na mipaka. Kicheko kidogo kinasaidia. Lakini tusicheke kabila la mtu, umbo lake, ujane wake au umaskini wake. Aliyedhihakiwa hatauliza swali tena, na jirani zake pia watanyamaza. Vilevile tusimwaibishe aliyesinzia. Kumbuka kijana Eutiko katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Alisinzia dirishani Mtakatifu Paulo alipokuwa akihubiri mpaka usiku wa manane, akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo hakumkemea, alishuka akamkumbatia, na kijana akawa hai. Ukiona wanasinzia, jua wewe umezidisha maneno. Simamisha watu, wanyooshe viungo, waimbe ubeti mmoja, mrudi kazini.

7. Kabla ya kura, rudia. Hili ndilo tunalolishika kuliko yote. Soma pendekezo kwa maneno mepesi. Kisha mwombe mwanachama wa kawaida, asiye wa kamati, aseme kwa maneno yake: tukikubali, nini kitatokea kwa pesa zangu? Akikosea, eleza tena. Ndipo uulize wanaokubali, uhesabu, na uulize pia wanaokataa, uhesabu. Usiulize kamwe "Mnakubali?" kwa sauti ya kutafuta makofi.

ILIENDAJE?

Tusidanganyane, mwaka ule wa pili haukwenda sawasawa kama ulivyopangwa. Mazungumzo ya watatu watatu yalizidi muda, ikawa kazi kuwanyamazisha. Chakula kilichelewa kwa saa moja na wapishi wakanuna. Mgeni alikuta mjadala unaendelea, akaketi robo saa bila kutambuliwa. Mwenyekiti naye alitutazama kwa jicho ambalo hatujalisahau.

Lakini hesabu zilipokewa na watu waliozielewa. Na kamati ilipoomba kikomo cha mkopo kiongezwe tena, safari hii kununua gari, wanachama waliuliza gari litabeba lita ngapi na litakunywa mafuta ya pesa ngapi. Majibu hayakuwa tayari, na pendekezo likarudishwa kamatini. Tuliona mikono ikihesabiwa ya kukataa, na wa mama yule ukiwa mmojawapo. Zile shilingi 3 aliendelea kukatwa, kwa sababu deni lililokubaliwa ni deni. Hilo linatuuma hata leo.

Ndugu zetu mnaopewa kipaza sauti, iwe ni mkutano wa ushirika, wa kikundi cha akina mama, au siku ya kampuni kuzungumza na wakulima wake, someni Nehemia sura ya 8. Ezra alisoma Sheria tangu alfajiri hadi adhuhuri, mbele ya wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu. Walawi walipita kati ya watu wakieleza maana, na watu walisikiliza. Baadaye ndipo walipoambiwa waende wakale na kunywa, na kuwapelekea wasio na kitu. Karamu ilikuja baada ya kuelewa. Sisi tuliitanguliza harufu yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mkutano mkuu uliopita wa chama chako, ulipigia kura mambo gani? Unaweza kuyaeleza kwa jirani yako?

2. Ni akina nani huongea kila mara katika mikutano yetu, na ni akina nani hatujawahi kuwasikia? Kwa nini?

3. Kabla ya mkutano ujao, tutaiomba kamati ibadilishe jambo gani moja katika ratiba?