Tunafufua redio, tunazika kaseti

Kiwanda cha Eveready kilichofunguliwa mjini Nakuru mwaka 1967 kilifungwa mwaka 2014. Kwa muda uliokaribia nusu karne, kiwanda hicho kilitoa mawe yaliyopiga redio za wakulima na wafugaji wa Bonde la Ufa, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Molo na Mau Summit. Bidhaa za bei rahisi kutoka ng'ambo zilikuwa zimekwisha kulivamia soko. Mtu angedhani kwamba kiwanda kikifa, redio nazo zingekifuata kaburini, zile kubwa za mawe sita zenye mkono wa kubebea na mlango wa kaseti kifuani. Hazikukifuata. Zungukia vibanda vya mafundi mjini Nakuru, au Njoro, au Elburgon siku ya soko, utazikuta zimepangwa rafuni, vumbi la Bonde limeziganda mgongoni, zikisubiri zamu yao ya kupasuliwa.

Nimesema mawe, wala sikuteleza ulimi. Watu wetu huziita betri za redio na za tochi mawe, na jina hilo halikubadilika hata mawe yenyewe yalipobadilika. Leo mteja hutiliwa seli za lithiamu zinazochajiwa kwa jua, naye huondoka akisema amewekewa mawe mapya. Lugha ina tabia hiyo. Neno simu tulilipata kwa Waajemi, ambao kwao sim ni waya. Sasa twatembea na simu mfukoni bila waya wowote, na hakuna aliyedai jina libadilishwe. Ganda la neno limebaki, matumbo yametolewa na kutiwa mengine. Ndivyo fundi anavyoifanyia redio.

Na afanyavyo ni jambo la kustahiwa. Ugonjwa wa kawaida wa redio hizi haumo katika sehemu zake za umeme, umo katika mtambo wa kaseti. Mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami; mota huchoka; kichwa cha kusomea utepe hulika. Spika mara nyingi ni nzima, na kikuza sauti ni kizima. Fundi hulegeza parafujo, huung'oa mtambo wote wa kaseti, na palipokuwa na mlango wake hupachika kibao kidogo kilichotengenezwa China, kisichozidi kiganja, chenye tundu la flashi, tundu la memori kadi, redio ya FM na blututhi. Kibao hicho aghalabu hutaka volti 5, ilhali mawe sita ya volti moja na nusu hutoa volti 9. Kwa hiyo hutiwa kidhibiti cha kupunguza nguvu. Nyaya za sauti hulehemiwa kwenye kitufe kile kile kikubwa cha kuzungusha, ili mwenye redio aendelee kupandisha na kushusha sauti kama alivyozoea tangu ujana wake. Aliyeshindwa na bei ya mawe huwekewa seli zilizofumuliwa kutoka betri za tarakilishi za mkononi zilizokufa. Kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65, na mafundi huziita kwa vipimo hivyo tu, 18650. Hapo pana hatari. Seli hizo zikichajiwa kupita kiasi bila kibao cha kinga huweza kuwaka moto. Fundi makini analijua hilo. Asiye makini hufundishwa na moshi.

Nina lawama moja ndogo kabla sijafika kwenye ile kubwa. Baadhi ya mafundi, kwa pupa, hukata pia sehemu inayonasa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, kwa hoja kwamba kibao kipya kina redio yake. Kinayo, lakini ni ya FM peke yake. Mawimbi ya FM husafiri karibu katika mstari ulionyoka, kama mwanga. Ukingo wa Bonde, au mgongo wa Menengai, au vilima vya Subukia, huyakinga. Mawimbi ya kati hutambaa na uso wa ardhi yakamfikia hata aliyejificha nyuma ya kilima. Basi mtu wa bondeni hulipa fedha zake akarudishiwa redio yenye masikio machache kuliko aliyoileta.

Kazi ya namna hii haifanywi kwetu tu. Huko Japani, Marekani na Uingereza wapo watu wazima wanaotumia fedha zao na usiku wao kuhuisha mashine za michezo za kutia sarafu, yale makabati marefu yenye kioo cha televisheni yaliyopata umaarufu kwa michezo kama Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980. Vioo vya zamani vikifa, hutia vya kisasa vilivyo bapa. Mitambo ya kugawia umeme ikichoka, hutia midogo ya leo. Adui wao mkubwa zaidi ni usahaulifu wa mashine zenyewe, kwa maana mchezo umehifadhiwa katika chipu ambazo chaji yake huvuja polepole miaka ikipita. Kampuni ya Capcom ilitoa mwaka 1993 mtambo uliojulikana kama CPS-2, ambao ufunguo wa kuusoma mchezo ulishikiliwa na betri ndogo. Betri ikiisha, ufunguo hufutika na kabati zima hubaki sanduku la mbao. Wapenzi wa mashine hizo waliibandika jina la betri ya kujiua. Ilichukua miaka mingi ya udadisi, hadi mwaka 2016, kabla ya wachache wao kutangaza njia ya kuurudisha ufunguo huo katika mtambo uliokwisha kufa.

Kinachonivutia kwa watu hao, zaidi ya ustadi, ni utaratibu wao. Kabla hawajalehemu chochote, hunakili kwanza yaliyomo ndani ya chipu. Mradi uitwao MAME, ulioanzishwa mwaka 1997, umehifadhi maelfu ya michezo kwa njia hiyo. Wamefahamu kwamba kabati laweza kuchongwa jingine na kioo chaweza kununuliwa, lakini kilichofutika ndani ya chipu hakina duka. Sisi twafanya kinyume. Twaliokoa kabati, kisha kiungo pekee kilichoweza kuyasoma yaliyomo twakitupa kwenye karai la vyuma chakavu.

Hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Siku moja nikiwa kwa fundi mjini Nakuru, aliingia mama mmoja kutoka Subukia na redio aliyoachiwa na marehemu mumewe. Hakuwa na mazungumzo marefu. "Fundi, niwekee hiyo ya memori kadi, hii ya kaseti haifanyi tena." Fundi alipoufungua mlango, alikuta kaseti imekwama ndani, utepe umejisokota kwenye magurudumu. Akaichomoa taratibu kwa koleo, akauliza, "Mama, hii bado una kazi nayo?" Mama akasema itupwe tu. Nikaomba ruhusa tuisikilize kwanza. Fundi aliukunjua utepe kwa kalamu, akaitia katika redio nyingine iliyokuwa ikisubiri upasuaji. Kulikuwa na mvumo, halafu vicheko, halafu sauti ya mzee ikihesabu mahari kwa Kikuyu, akianza kwa mwati na harika, wale kondoo na mbuzi wa kufungulia mlango, na kuendelea kwa maneno ambayo kijana wa leo wa Nakuru hayasikii hata harusini. Mama alikaa kwenye kigoda. Alikuwa baba mkwe wake, na siku ile walikuwa wakimposa yeye.

Kaseti hiyo haikutupwa. Lakini nani ajuaye ni ngapi zilizotupwa wiki hiyo hiyo, katika vibanda vingine, bila mtu wa kuuliza?

Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na ilipoenea huku kwetu ilimpa mtu wa kawaida uwezo ambao hakuwahi kuwa nao: kuihifadhi sauti ya mzazi wake bila kujua kuandika, bila studio, bila kumwomba mtu kutoka idhaa. Watu walirekodi posa, mahubiri, mawaidha ya wazee, nyimbo za jando, hata salamu za kumtumia ndugu aliye mbali. Katika eneo kama letu, ambamo Kikuyu, Kikipsigis, Kitugen, Kimaasai, Kiluhya, Kiluo na Kiswahili vinaishi mlango kwa mlango, hazina hiyo haina bei. Kuna lugha ambayo kwayo hali ni nzito zaidi. Waogiek wa msitu wa Mau wengi wao wamehamia lugha za majirani, na kaseti ya mzee wa Kiogiek akieleza uwekaji wa mizinga na majina ya miti inayochanua kwa misimu huenda ikawa na msamiati usiopatikana katika kitabu chochote. Mtafiti angesafiri mbali kuitafuta, kumbe imekwama ndani ya redio iliyopelekwa kwa fundi Elburgon.

Mwaka 2019 UNESCO, ikishirikiana na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari kuhusu tepe za sumaku. Ilieleza kwamba wataalamu wengi wanauchukua mwaka 2025 kuwa ndio mpaka wa kuzisoma kwa urahisi. Hoja yao kuu ilikuwa mashine, wala si utepe. Utepe uliotunzwa vyema huweza kudumu, lakini mashine za kuusoma haziundwi tena kwa ubora ule, na vipuri vyake vinakwisha. Mitambo mingi ya kaseti inayouzwa mpya leo ni nakala za muundo mmoja wa zamani wa kampuni ya Kijapani ya Tanashin, hafifu ukiilinganisha na iliyong'olewa katika redio zetu. Kwa maneno mengine, chuma kile kinachotupwa karaini ni adimu kuliko kibao kilichochukua nafasi yake.

Faida ya kuitunza mashine ya kusomea imeonekana papa hapa Bonde la Ufa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, ng'ambo ya Mau, akawarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyesikika huku kwa santuri, nao wakalitamka kwa kanuni za sauti za lugha yao. Kwa mwanaisimu ni mfano mtamu wa utohozi, na natamani niuendeleze, lakini nafasi ni finyu. Rekodi hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika iliyo Chuo Kikuu cha Rhodes, ambako mashine za kuzisoma zilitunzwa na sauti zikanakiliwa kidijitali. Katika miaka ya 2010 zilirudishwa Kapkatet, na watu wakazisikia sauti za jamaa zao baada ya zaidi ya miaka sitini. Kaseti zetu hazina Tracey wala maktaba. Zina fundi tu.

Ndiyo maana siwaombi mafundi waache kazi yao. Nawaomba waigeuze mpangilio kidogo. Mtambo wa kaseti using'olewe kabla mteja hajaulizwa kama ana kaseti nyumbani. Kama mkanda wa mpira ndio uliokufa, wa kubadilishia ni wa bei ndogo, na redio yaweza kusoma kaseti zilizobaki kwa mara ya mwisho. Kunakili kwenyewe kunataka waya mmoja tu kutoka tundu la hedifoni la redio hadi kifaa cha kurekodia, iwe tarakilishi au baadhi ya vibao vile vile vya Kichina, kwa kuwa vingine vina uwezo wa kurekodi kwenye flashi. Kaseti ya dakika sitini itachukua saa nzima, na saa ya fundi ina thamani, basi alipwe. Sioni kwa nini idara za isimu na za historia katika vyuo vya eneo hili zisiwe na meza moja sokoni siku ya soko, yenye redio mbili nzima na mwanafunzi mmoja mwenye subira. Twatuma wanafunzi vijijini kukusanya fasihi simulizi kwa wajukuu, ilhali babu zao wamekwisha kuisimulia na kuirekodi.

Mwenye kaseti naye asingoje meza hiyo. Kichwa cha kusomea kipanguswe kwanza kwa pamba yenye spiriti. Utepe uzungushwe hadi mwisho na kurudishwa mwanzo kabla ya kuuchezesha, ili tabaka zilizogandamana ziachane. Vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti vivunjwe, asije mtoto akabonyeza kitufe chekundu na kurekodi juu ya sauti ya babu yake. Kisha juu ya karatasi ya kaseti yaandikwe haya kwa kalamu ya wino: aliyesema ni nani, alisemea wapi, mwaka gani, na kwa lugha ipi.