Tangi la Mafuta la Boti Likivuja, Tuanzie Wapi?

Maombi ya vikundi vya wavuvi wa Kaole yanapofika mezani kwa kamati, wakati mwingine huwa na mstari mmoja tu: "Tangi linavuja, tunaomba jipya." Kamati huona njia mbili. Ama iidhinishe fedha, ama iwaambie wanakikundi wapeleke tangi kwa fundi wa kuchomelea ili kubana matumizi. Njia ya kwanza inaweza kuwa hasara. Ya pili inaweza kuua.

Kwanza ieleweke kwamba si kila mafuta yanayoonekana ndani ya boti yametoka kwenye tangi. Boti nyingi ndogo za pwani yetu hutumia mashine ya kupachika nyuma, na tangi lake la petroli ni la kubebeka, la plastiki au la bati, lililounganishwa na mashine kwa mpira wenye kipira cha kubinya. Mpira huo hupasuka kwa jua. Klipu zake huliwa na chumvi, na kile kipete kidogo kilichomo ndani ya kiungio hukakamaa na kuachia. Vyote hivyo ni vitu vya bei ndogo. Lipo pia jambo linalowachanganya hata wavuvi wazoefu: tangi likiachwa juani na tundu lake la hewa likiwa limefungwa, petroli hupanuka, tangi huvimba, na mafuta husukumwa yatokee kwenye kiungio kilicho dhaifu. Asubuhi hakuna tone, saa nane mchana sakafu imelowa, na tangi lenyewe ni zima kabisa.

Uchunguzi ufanyike nchi kavu. Bandari ya kale ya Kaole imemezwa na mikoko na ufukwe wake ni wa kina kifupi, hivyo maji yakipwa, hasa siku za bamvua, boti hukaa mchangani kwa saa kadhaa. Sigara, jiko na simu vikae mbali, wala kisiwashwe kitu chochote cha umeme mpaka harufu iishe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu, bali hulala chini kwenye ngama ukisubiri cheche. Mafuta yaliyomo ngamani yanyonywe kwa matambara, yasifuliwe pamoja na maji na kumwagwa kwenye mikoko ambako kamba na samaki wadogo hukulia.

Tangi likishatolewa, lifutwe likauke, lipakwe unga wa chaki kwenye mishono na pembe za chini, kisha liwekwe juu ya gazeti. Panapovuja, unga hulowa na kubadilika rangi. Kama tundu ni dogo mno, mafuta yatolewe, povu la sabuni lipakwe nje, na hewa kidogo isukumwe kwa pampu ya baiskeli, mapovu yatajionyesha. Mashine ya kujazia matairi ya gari isitumike, maana hupasua tangi.

Matangi ya chuma yaliyofungwa ndani ya mashua zenye injini za dizeli huoza zaidi kuanzia chini. Nje, maji ya chumvi hukaa kati ya chuma na ubao. Ndani, maji yaliyoingia kwenye mafuta hutuama sakafuni. Kwa hiyo tundu moja linaloonekana leo mara nyingi lina majirani walio karibu kutoboka.

Na matengenezo? Wavuvi husugua sabuni ya mche kwenye ufa, na kweli husaidia kufika nyumbani, lakini hayo si matengenezo. Tundu dogo la tangi la chuma huzibwa kwa gundi ngumu ya tyubu mbili za kuchanganya, baada ya mafuta kutolewa yote na kutu kusuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae. Tangi la plastiki lililopasuka halina dawa, kwani gundi hizo hazishiki plastiki ya aina ile. Hapo kamati inunue jipya bila kusita.

Kuhusu kuchomelea, nasisitiza: tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu nafasi iliyoachwa na mafuta hujaa mvuke uliochanganyika na hewa. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, petroli iliyomwagika ilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100. Tangi la petroli lisichomelewe. La dizeli nalo litolewe kwanza kwenye chombo, lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, lijazwe maji hadi karibu na tundu, na kazi ifanywe na fundi mzoefu wa matangi, si yeyote mwenye mashine.

Wahisani huuliza kama jambo hili linastahili ukurasa mzima. Tone moja kila sekunde ni takriban lita 4 kwa siku, na hiyo ni fedha ya mafuta inayopotea hata boti ikiwa imetia nanga.

Kamati zinaombwa kutoidhinisha tangi jipya kabla ya kupata maelezo ya mahali hasa panapovuja na hali ya mpira, klipu na tundu la hewa. Jipya likinunuliwa, la zamani litolewe mafuta na kutobolewa kwa patasi ya mkono huku limejazwa maji, ili mtu asije akaligeuza kuwa chombo cha kuhifadhia maji ya kunywa.