Tatizo la Kutafsiri Istilahi za Mavazi: Kilti na Tartani za Uskoti

Miongoni mwa mambo yanayomtaabisha mfasiri ni majina ya mavazi ya watu wengine. Vazi si kitambaa tu. Ni hadhi, ni nasaba, na mara nyingine ni kumbukumbu ya vita. Katika makala haya tumekusudia kuchunguza mfano mmoja, yaani kilti ya Uskoti na kitambaa chake kiitwacho tartani, na hasa jinsi mtu anavyochagua tartani ya kuonyesha asili yake. Tumeuteua mfano huu kwa sababu istilahi zake chache, zikitafsiriwa kwa haraka, humfanya msomaji wa Kiswahili aamini jambo lisilo kweli.

Tuanze na vazi lenyewe. Mfasiri mwenye haraka ataandika "sketi ya wanaume". Maelezo hayo yanaeleweka, lakini yana kejeli ndani yake. Mwanamume wa pwani aliyejifunga kikoi hakubali kuambiwa amevaa sketi, wala mwenye kanzu hakubali kuambiwa amevaa gauni. Kilti ni nguo ya sufu inayozungushwa kiunoni, bapa kwa mbele na yenye marinda kwa nyuma, ikaishia magotini. Kilti kamili huchukua yadi 8 hivi za kitambaa. Asili ya jina lake ni kitenzi cha lugha za Skandinavia chenye maana ya kupania nguo. Kwa kuwa hatuna vazi la namna hiyo, twaona ni afadhali kulitohoa jina lake, kama tulivyokwisha kutohoa koti, suti na tai.

Ama tartani, hiki ni kitambaa cha mistari ya rangi inayokatana na kufanya miraba. Katika mazungumzo twaweza kusema ni kitambaa cha drafti. Lakini si kila drafti ni tartani. Kinachoipambanua tartani ni hesabu ya nyuzi: kadhaa nyekundu, kadhaa za kijani, kadhaa nyeusi, na kwa kawaida hesabu ile ile hutumika katika mtande na katika mshindio, kisha hurudiwa kitambaa kizima. Hapa Kiswahili hakina upungufu. Mtande ni nyuzi za urefu na mshindio ni zile zinazopitishwa kati yake. Walimu wasiyaache maneno haya ya wafumaji yakafa. Kwa ile hesabu inayorudiwa, twapendekeza "ruwaza ya nyuzi".

Sasa tufikie neno gumu zaidi, yaani "tartani ya ukoo". Neno la Kigaeli linalotafsiriwa "ukoo" maana yake ya asili ni "watoto", na kwa hiyo tafsiri hiyo yafaa. Hata hivyo, katika ukoo wa Uskoti walikuwamo pia watu waliokaa katika ardhi ya mkuu wa ukoo, wakamtii na pengine wakalichukua jina lake, pasipo kuwa wa damu yake. Zipo vilevile familia zenye majina tofauti zinazohesabiwa kuwa chini ya ukoo fulani. Hizo twapendekeza ziitwe "mbari shiriki". Mfasiri akiandika "tawi la ukoo" atakuwa amedai undugu wa damu ambao huenda haukuwapo.

Kosa kubwa zaidi huingia pale tunapoandika kwamba mtu "amerithi" tartani ya ukoo wake tangu enzi za kale. Historia haikubaliani na hayo. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti kwa wanaume, isipokuwa wale waliokuwa jeshini. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1782. Mwaka 1815 chama kimoja cha watu wa Nyanda za Juu waliokaa London kilianza kukusanya vipande vya tartani kutoka kwa wakuu wa koo, na wako wakuu ambao hawakujua tartani yao ni ipi. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na mwandishi Walter Scott, aliyeandaa mapokezi, akahimiza watu wajitokeze wamevaa tartani. Mwaka 1842 ndugu wawili walichapisha kitabu kiitwacho Vestiarium Scoticum wakidai kwamba kimetokana na mswada wa kale. Ilikuja kuthibitika kwamba ni cha kughushi. Lakini baadhi ya ruwaza zake zinavaliwa hadi leo kwa majina ya koo. Kwa hiyo nyingi za tartani za koo, kwa jinsi zinavyotajwa, ni za karne ya 19.

Je, hayo yanaondoa thamani yake? Hasha. Yanatuonyesha tu kwamba kitenzi kinachofaa ni "kuchagua". Mwenye babu Mskoti hutazama kwanza jina la ukoo la baba au la mama. Asipolipata hutazama mbari shiriki. Akikosa, huchagua tartani ya wilaya walikotoka wazee wake. Jimbo la Nova Scotia huko Kanada, lenye wakazi wengi wa asili ya Uskoti, lina tartani yake iliyobuniwa mwaka 1953. Asiye na nasaba yoyote aweza kuvaa ile ya kikosi cha Black Watch, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa ya wote. Tartani ya Balmoral, kwa upande mwingine, ni ya familia ya kifalme. Tena, tangu mwaka 2009 ipo daftari ya serikali ya Uskoti ambamo mtu aweza kusajili tartani mpya.

Mwisho, tunawatahadharisha wafasiri juu ya mtego mmoja. Katika orodha za wauza vitambaa, tartani moja hutolewa kwa aina kadhaa, na mojawapo huitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "kale". Neno hilo halitaji umri wa ruwaza, bali rangi zisizokolea zinazoiga zile za mimea. Aina iitwayo "ya kisasa" ni ya rangi zilizokolea tu. Atakayeandika "tartani ya kale ya ukoo" atakuwa amegeuza rangi kuwa historia, na msomaji wake, akiwa mwalimu, atawafundisha watoto kosa hilo. Vivyo hivyo "tartani ya kuwindia" si lazima ivaliwe mawindoni. Ni ile yenye rangi tulivu za mwituni.

Kwa muhtasari, twapendekeza: kilti, tartani, ruwaza ya nyuzi, mbari shiriki, tartani ya rangi zisizokolea, na ya rangi zilizokolea. Wasomaji walio na maneno bora zaidi, hasa kutoka kwa wafumaji wenyewe, wasisite kuyatoa. Istilahi njema ni ile isiyomwongezea mtu nasaba asiyokuwa nayo, wala kumpunguzia heshima aliyo nayo.