Kiswahili cha Karakana Kifike Darasani

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza hivi darasani: "Daktari, Kiswahili ni lugha tamu ya mashairi, lakini je, kinaweza kumweleza mtu jinsi bodi ya gari inavyoundwa?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimeshinda katika karakana moja mjini Nakuru nikisikiliza jambo hilohilo likielezwa, tena kwa Kiswahili.

Marehemu babu yangu alituachia pikapu aina ya Chevrolet 3100, iliyoundwa Marekani mwaka wa 1953. Bodi yake ina mbavu za chuma, lakini sakafu yake, yenye urefu wa futi 6 na nusu, ni ya mbao. Kati ya ubao na ubao hupita mkanda mwembamba wa chuma, ambao hushika mbao na kuwezesha mizigo kuteleza bila kuzikwaruza.

Sakafu ya awali ilipooza, nilimkabidhi kazi kijana mmoja mwenye cheti cha ufundi. Alinikaririria kwa Kiingereza fasili ya kutanuka kwa vitu, neno kwa neno. Kisha akazipanga mbao zikibanana pasi na mwanya, akazitoboa na kuzikaza kwa bolti. Masika yalipofika, sakafu ilivimba katikati mithili ya hema na mbao mbili zikapasuka. Fedha zilizopotea zingemlipia mwanangu karo ya muhula.

Ndipo nilipompata mzee wa Nakuru, ambaye masomo yake yalikomea darasa la saba. Alizitazama mbao zile, akatikisa kichwa. "Mwalimu, ubao hata ukikatwa huendelea kupumua. Mvua ikinyesha hunenepa kwa upana, kiangazi kikija hukonda. Urefu wake haubadiliki sana. Ukiubana usipumue, utafanya nini isipokuwa kupasuka?"

Tukaanza upya. Alichagua mvule uliokauka vyema, akaupiga randa na msasa, kisha akapaka mafuta kila ubao juu, chini na hasa nchani, kwa kuwa huko ndiko maji hunyweka zaidi. Mataruma ya chuma yakawekwa juu ya chesisi, mbavu zikasimamishwa, bolti zikatiwa bila kukazwa. Kisha akapima kwa tepu kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, kwa kukingamisha. Vipimo viwili visipolingana, alisema, bodi imekaa upande na mlango wa nyuma hautafunga. Tuliisukuma kidogo kidogo hadi vikalingana.

Kilichonivutia zaidi ni bolti. Kichwa chake ni cha mviringo, lakini chini yake mna shingo ya mraba inayoingia katika tundu la mraba kwenye mkanda. Kwa hiyo nati inapokazwa kutoka chini, bolti haizunguki. Tena bolti haitoboi ubao: hupita katika mwanya ulioachwa kati ya mbao mbili. Mkanda hukalia kingo za mbao zote mbili na kuzishika, nazo zikabaki na nafasi ya kunenepa na kukonda.

Ndugu msomaji, yule kijana wa kwanza hakuwa mjinga. Neno alilolikariri halikuwahi kukutana na ubao. Alifundishwa ufundi kwa lugha ya mtihani, akaenda kufanya kazi mahali ambapo watu huzungumza lugha nyingine, na hakuna aliyemjengea daraja kati ya hizo mbili.

Nami sina budi kukiri hatia yangu. Kwa miaka mingi nimefundisha uundaji wa istilahi kwa kutegemea vitabu, kikiwemo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990. Ni kazi yenye thamani kubwa. Lakini sikuwahi kumpeleka mwanafunzi hata mmoja karakanani, ambako istilahi huzaliwa kila siku: shingo ya bolti, mbavu za bodi, ubao kupumua. Maneno ya kukopa kama nati na chesisi yamo pia, wala hayatutii aibu, maana lugha hai hukopa.

Siombi Kiingereza kifukuzwe. Katiba ya mwaka wa 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi. Ninachosema ni kwamba maarifa ya yule mzee hayajaandikwa popote, na siku atakapoiweka randa chini yatakwenda naye. Aidha, mwalimu wa Kiswahili ambaye kila mwaka hutunga insha kuhusu umuhimu wa elimu angeweza siku moja kuwaagiza wanafunzi wakamtazame fundi kazini, kisha waeleze kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa namna ambayo asiyeiona ataweza kuifanya. Huo ni mtihani mgumu wa lugha kuliko kupamba insha kwa methali.

Yule mwanafunzi wangu nilimjibu kwa kumpa zoezi hilohilo. Alirudi baada ya wiki mbili na kurasa nne, vidole vikiwa vimechafuka kwa mafuta, akiwa na swali jipya: kwa nini mambo haya hayamo vitabuni? Sikuwa na jibu la kunipa fahari.